Kidani cha Mwenye Safari

Papeete, 11 Machi 1968

Mama,

Huku tu wazima, tukiacha nyonga ya Mama Roti ambayo bado inamsumbua akipanda ngazi. Daktari kamruhusu atembee na fimbo moja badala ya mbili. Juzi alikwenda sokoni na kurudi kwa miguu yake, akajisifu kutwa nzima, ungedhani ameogelea kutoka kisiwani kwetu Takurea.

Huu ni mwezi wa nne tangu nije kumuuguza. Nilikuahidi wiki sita, najua, na najua unahesabu. Si kwamba nimesahau njia ya nyumbani. Ni kwamba kila nikianza kufunga mzigo, yeye anakumbuka kazi: pazia halijashonwa, shemeji yake anakuja kula Jumapili, dari inavuja. Dari inavuja kweli, hilo simsingizii.

Majirani wananiuliza mimi ni nani wa hapa. Mama Roti huwajibu, "Ni binti yangu, yule aliyelelewa Takurea." Anapofika kwenye "binti yangu" sauti yake hupanda kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu kipya dukani. Mama, sijui nikueleze vipi. Nilikuja kwa mtu aliyenizaa na ambaye nimemwona mara tatu tu maishani, nikidhani nitamhudumia kama mgonjwa yeyote. Sasa namzoea. Anacheka kama mimi. Sikuwahi kujua kicheko changu kimetoka wapi.

Bandarini kuna mwanamke anauzia wageni vidani vya makombe ya baharini. Makubwa na madogo kayatunga pamoja, ya njano na ya kahawia bila mpango, na nusu yana nyufa. Nilisimama nikaona aibu kwa niaba yake. Ningekuwa na nafasi ningemfumulia vyote nikampangia upya.

Sasa sikiliza. Mama Tetua, jirani mshonaji, ana vyerehani vinne na anatafuta mtu wa kuanza Julai. Mama Roti kaniombea nafasi bila kuniuliza, na nimepewa. Sijajibu. Meli itaondoka huku katikati ya Julai, nami ningefika kabla ya sikukuu ya Bikira Maria, nikawasaidia kumaliza kutunga taa ya makombe ya kanisa. Niambie wewe. Ukisema njoo, nakuja. Ukisema kaa, nitakaa. Lakini useme.

Mwanao,
Tehina


Takurea, 9 Aprili 1968

Tehina,

Meli ilishusha unga, mafuta ya taa na barua yako, kwa mpangilio huo huo. Ilipakia mbata ikaondoka kabla sijamaliza kusoma, kwa hiyo jibu hili limekaa mezani likingoja safari nyingine.

Mimi mzima. Goti linalia mvua ikikaribia, basi wanawake wa hapa wananiuliza hali ya hewa badala ya kunijulia hali.

Taa ya kanisa inakwenda kwa magomvi. Katekista Tagihia alitupatia pete tatu za pipa, kubwa, ya kati na ndogo, tumezifunga moja juu ya nyingine, na nyuzi za makombe zitashuka kutoka juu hadi chini. Nyuzi mia mbili na kumi. Mpaka leo zipo tisini. Tumefukia makombe mchangani nyuma ya kanisa ili sisimizi wayasafishe, na jogoo wa Tagihia kayafukua, sasa kijiji kizima kinanuka na katekista anasema si jogoo wake. Teumere naye kaja na shanga za plastiki za waridi, katumiwa na binamu yake, anataka tuzichanganye ili kazi iishe upesi. Nikamwambia Mungu ana macho. Akaninunia siku tatu. Nilipumzika sana siku hizo.

Hapa hakuna wa kuchambua kama wewe. Wanaona njano moja tu, wewe ulikuwa unaona njano tano. Nasema tu.

Hilo la kukaa au kurudi, mimi sina la kusema. Unajua kwetu: mtoto wa kulelewa akiitwa na aliyemzaa, mlezi hafungui mdomo. Mtu mzima wewe. Jibu unalo.

Mkeka wako nimeukunja nikauweka juu ya kabati. Nina kazi nyingine ya makombe mkononi, ya peke yangu, usiniulize ni ya nani. Msalimie Roti. Mwambie asipande ngazi kwa kiburi.

Mama yako,
Maruia


Papeete, 14 Mei 1968

Mama,

Kopo la biskuti ulilotuma limefika. Mimi nilikuwa sokoni. Niliporudi nilikuta nyama ya kombe kavu imeshatolewa iko kwenye sahani, na kidani kimelazwa juu ya meza. Mama Roti alikuwa amekaa akitazama dirishani. Nikamuuliza ni nini hiki. Akasema, "Mzigo umetoka kwa mama yako," akageukia tena dirishani.

Nyuzi saba. Meupe ya juu ya mwamba yale yasiyopatikana ila maji yakikauka sana, na njano ya kwanza, si ya pili. Nilikivaa kikanifika kitovuni sawasawa, na wala hukuwa na shingo yangu ya kupimia. Makombe yote yametazama upande mmoja. Sijaona kazi yako nzuri kama hii, na nimeziona zote.

Basi nikajua jibu lako. Nilikuomba useme, nawe umesema. Anayefika huvishwa maua, anayeondoka huvishwa makombe. Hilo hata mtoto anayetambaa kwetu analijua. Niliondoka Takurea Novemba bila kidani kwa sababu ulisema mtu wa wiki sita haagwi. Sasa umeniaga.

Ncha mbili hukuzifunga. Kwanza nilidhani umesahau, nikakumbuka kuwa wewe husahau dawa ya goti tu. Fundo la mwisho hulifunga mwenye kumvisha msafiri, na wewe uko mbali. Nilisimama mbele ya kioo nikalifunga mwenyewe. Nilirudia mara tatu.

Nimelia, sikufichi. Lakini sikuandiki kulalamika. Nimekaa na kalamu nikaona kwamba mtu akivishwa kidani husema asante kwa sauti mbele ya watu, na mimi hapa sina watu, basi naisema kwa karatasi.

Asante kwa samaki uliyenitafunia kabla sijaota meno. Asante kwa kuniambia mapema nani alinizaa, hata hakuna aliyepata kunitania kwa siri nisiyoijua. Teumere alipojaribu, akaniita mtoto wa kuomba, ulimfuata jikoni kwake ukamwambia, "Ndiyo, nilimwomba. Wako ulimpata kwa bahati mbaya." Nilikuwa na miaka sita, nimejificha nyuma ya pipa la maji. Nililala na furaha siku hiyo. Asante kwa sindano ya kwanza, na kwa kunipiga kidole kila nilipotoboa kwa pupa nikapasua kombe. Asante kwa kutonipiga siku nilipomwaga makopo yote manane ya makombe yaliyochambuliwa. Tuliyachambua upya siku nne, wewe na mimi, na hukunikumbusha kosa hata mara moja, uliimba tu. Nadhani nilijifunza njano tano siku hizo.

Nimemwambia Mama Tetua nitaanza Julai. Mama Roti alinibusu kichwani, kisha akaenda kulala bila kula, sijui kwa nini.

Nikosapo shukrani, nikumbushe.

Tehina


Takurea, 10 Juni 1968

Tehina,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma peke yangu na sitaisoma tena kwa sasa, maana nina kazi.

Fundo ulilolifunga, lifungue. Kidani kirudishe kwenye kopo, ncha wazi kama ulivyokikuta. Hakuna mtu anayejiaga mwenyewe. Hilo nalo mtoto anayetambaa kwetu analijua, sijui wewe ulikuwa umetambaa wapi.

Mkeka niliukunja kwa sababu ya mvua.

Mama yako,
Maruia


Takurea, 10 Juni 1968

Roti, ndugu yangu,

Mwezi uliopita nilituma kopo la biskuti lenye jina lako. Chini ya kidani niliweka karatasi, nayo ina jina lako. Kama panya wa meli wameila, basi nisamehe kwa yote yanayofuata. Kama hawakuila, soma polepole.

Nilikuandikia kwamba kidani ni cha wewe kumvisha Tehina siku atakapopanda meli kuja kwetu. Sikuandika Julai. Niliandika siku atakayotaka mwenyewe, iwe Julai au iwe baada ya miaka mitano. Ncha niliziacha wazi kwa ajili ya vidole vyako. Leo ninasoma barua ya mtoto ananishukuru kwa kumfukuza. Anasema amejifunga fundo mwenyewe mbele ya kioo. Roti, nimetunga vidani tangu nikiwa na miaka saba, sijapata kusikia jambo la huzuni kama hilo.

Sasa nikwambie kwa nini nilikituma. Miaka ishirini na minne iliyopita ulikuwa na wawili wanakung'ang'ania nguo, mume yuko kwenye kupiga mbizi za chaza, na mimi nilikuwa nalala kwako nikitibiwa tumbo ambalo lilikuwa limekataa kuzaa. Nilikuomba aliye tumboni mwako. Hukuniuliza nitakupa nini. Ulisema, "Akiwa wa kike ama wa kiume?" Nikasema yeyote. Ukasema, "Haya." Alipofikisha siku nane ukatusindikiza bandarini. Watu wote kwenye meli walikuwa na makombe shingoni. Mtoto hakuwa na kitu. Wewe ulikuwa mwanamke wa mjini, hukuwa na makombe wala wa kukutungia, na niliona ulivyoficha mikono nyuma ya mgongo. Mimi nilikuwa na furaha nyingi, nikaona na nikanyamaza. Ningeweza kuvua kimoja changu nikakupa umvishe. Halikunijia akilini mpaka kisiwa kilipopotea machoni.

Limenikaa tangu siku hiyo. Mtoto anapoagwa na mama yake, ashike kitu. Ndiyo maana nikatunga.

Sitamwambia Tehina. Ulinipa mtoto kwa mdomo wako, siwezi kukuharibia jina kwake kwa kalamu yangu. Akikaa kwako kwa kupenda, nitalia nitanyamaza, nimezoea vyote viwili. Lakini asikae kwa kudhani kwamba mimi nimemfungia mlango. Kila usiku tangu Novemba namngoja mtu mmoja tu, na unamjua.

Asante, Roti. Sikuwahi kukwambia vizuri. Bandarini nilisema "asante" kama mtu aliyepewa papai.

Maruia


Papeete, 11 Julai 1968

Dada Maruia,

Panya hawakuila. Niliisoma mara tatu kabla Tehina hajarudi kutoka sokoni, nikaificha ndani ya kitabu cha sala, mahali pabaya pa kufichia kitu, maana kila jioni nililazimika kukifungua nikakutana nayo. Kopo lilikuwa na jina langu, kwa hiyo kulifungua nilikuwa na haki. Mengine yote sikuwa na haki.

Sikumwambia uongo. Nilimwambia mzigo umetoka kwa mama yako, na ni kweli ulitoka kwako. Nikajifariji kwa hilo wiki nzima. Kisha nilikuwa namsikia akilia chumbani huku akishona, cherehani kikisimama, kikianza, kikisimama. Nilijiambia atazoea. Mimi nilizoea, nikajiambia, na yeye atazoea. Unaona mtu anavyoweza kuwa mbaya akiwa amekaa kwenye kiti chake tu na mguu juu ya mto.

Barua zako mbili zilikuja pamoja. Ya kwake aliisoma kwa sauti, akanigeukia akauliza, "Kwa nini anasema nilifungue?" Nami ya kwangu ilikuwa mapajani. Nikampa. Nikampa na ile ya kitabu cha sala. Nilitaka kutoka nje, lakini na nyonga hii mpaka niinuke mtu ameshasoma zote.

Alisoma, akakunja, akanitazama. Akasema, "Ulinisikia nikilia."

Nikasema ndiyo.

Siku mbili hakusema nami ila ya lazima: chumvi iko wapi, dawa umekunywa. Sikujitetea. Siku ya tatu alileta kopo, akakaa sakafuni mbele ya kiti changu, akafungua lile fundo alilojifunga. Lilimchukua muda, alikuwa amelikaza kwa meno. Akaniuliza, "Ungependa niende lini?" Nikamwambia kweli: nisingependa uende kabisa. Basi akacheka, Dada, kicheko changu mimi, akasema anashukuru walau hapo nimesema wazi. Kisha akasema anakwenda na meli hii ili awahi taa ya kanisa, na mwakani mvua zikiisha atakuja kukaa nami miezi mitatu, na Mama Tetua ameshaambiwa, na dari imezibwa. Alikuwa ameshapanga yote katika zile siku mbili za chumvi.

Tangu siku hiyo ananifundisha fundo. Tunatumia uzi wa kuvulia. Kushoto juu ya kulia, pitisha, kulia juu ya kushoto, pitisha tena, kisha ncha zirudi ndani ya kombe la mwisho zisionekane. Vidole vyangu vimezoea pasi na sufuria. Ananipiga kidole nikikosea, nasikia hiyo ni elimu yako.

Barua hii anaibeba yeye. Kesho asubuhi nitakwenda bandarini kwa fimbo yangu, nitamvisha mbele ya watu na kufunga kwa mikono yangu. Nitasimama pale pale. Siku ile baada ya meli yenu kuondoka nilibaki nimesimama nikitazama mikono yangu, nikijiuliza ni mama gani anayeaga mtoto kwa mikono mitupu. Nilidhani hakuna aliyeona. Kumbe wewe uliona, na umelibeba pamoja nami miaka yote hiyo, na badala ya kunisema umenitungia nyuzi saba.

Umenilelea mtoto mpaka akajua kusamehe. Mimi nilimzaa tu. Asante kwa yeye, na asante kwa kesho.

Roti


Takurea, 19 Agosti 1968

Roti, ndugu yangu,

Kafika. Safari siku kumi na moja, bahari mbaya siku nne, kala biskuti tu kama kawaida yake. Nilikuwa nimetunga maua alfajiri nikayafunga kwenye kitambaa kibichi, maana kwetu maua ni machache na jua halina huruma. Nilipomvisha yalikaa juu ya makombe yako. Alisema, "Mama, umepungua." Nikamwambia na yeye amechelewa.

Teumere alisogea kutazama, unamjua, hakuna kinachompita. Akazungusha kidani mpaka akaona ncha zimetokeza kama ndevu za kamba. Akauliza kwa upole mkubwa kama alifunge upya. Nikamwambia aguse aone. Nilimweleza ni fundo la nani. Akafuta macho kwa kanga, na shanga zake za waridi hajazitaja tena.

Taa imekamilika siku mbili kabla ya sikukuu, nyuzi mia mbili na kumi, Tehina kachambua arobaini za mwisho peke yake na kufumua kumi na mbili zangu akidai njano si ile. Ilikuwa si ile kweli. Wakati wa misa upepo uliingia, taa nzima ikalia kwa sauti ndogo, katekista akasahau alipofikia katika somo. Nilimshukuru Mungu kwa mambo mengi pale, na jina lako nililitaja kwa sauti, aliyekuwa karibu alisikia.

Mkeka umeshuka kutoka juu ya kabati. Kidani alikivua kwa kukipitisha kichwani, akakitundika kwenye msumari juu ya mahali pake pa kulala.

Roti, nitakwambia ukweli kwa sababu tumeshazoeana. Katika maisha yangu sijaona fundo baya kama lako. Limevuka bahari yote ile wala halikulegea. Hakuna atakayelifungua.

Maruia